Agents of S.H.I.E.L.D. imo au haimo? Uzi wa kanoni, muvi na tamthilia za mashujaa

#1 Fundi Antena (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye uzi wa muvi za wikiendi kuna ndugu anaitwa Mgeni Njoo aliuliza swali dogo likaninyima usingizi: "Nimemaliza muvi zote za Marvel, nataka kuanza tamthilia ya Agents of S.H.I.E.L.D., ila nasikia haihesabiki kwenye hadithi rasmi ya muvi. Nianze au niache?" Nilitaka kumjibu palepale kwa mstari mmoja. Nikaona hapana, hili linataka uzi wake.

Misimu 7. Sehemu 136. Septemba 2013 mpaka Agosti 2020. Halafu haihesabiki. Kahesabu nani?

Tuanze na Phil Coulson, ajenti wa shirika la ujasusi la S.H.I.E.L.D., maana kidonda kiko hapo. The Avengers, 2012: adui Loki anamchoma kwa nyuma, jamaa anakata roho ameegemea ukuta, bosi wake Fury anakichukua kifo kile na kukifanya gundi ya kuwaunganisha wale sita. Mwaka uliofuata kituo cha TV cha ABC wanazindua tamthilia, na nani anajitokeza kwenye kona yenye giza, suti imenyooka kama hakuna kilichotokea? Coulson. Tamthilia ikatumia sehemu kubwa ya msimu wa kwanza kueleza amerudije, na maelezo yenyewe yanatisha. Fury alijua. Lady Sif wa Asgard alikuja akamwona kwa macho yake. Nenda sasa kwenye muvi: wale Avengers hakuna hata mmoja anayeoneshwa akipewa habari hiyo. Stark (Iron Man) kafa akijua Coulson yuko kaburini.

Na muda wote huo tamthilia ilikuwa inazifuata muvi kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Thor: The Dark World imetoka Novemba 2013, siku chache baadaye kina Coulson wanaoneshwa Greenwich wakizoa vifusi alivyoacha Thor. Captain America: The Winter Soldier imeingia kumbi za Marekani tarehe 4 Aprili 2014 na kulivunjavunja shirika zima la S.H.I.E.L.D.; tarehe 8 tamthilia inaamka haina shirika ambalo ndilo jina lake! Sehemu 16 walikuwa wanazunguka mbuyu kwa sababu walikuwa na siri ya watu ambayo hawakuruhusiwa kuigusa. Ya 17 ndipo mambo yakafumuka. Hapo kuna jambo la mtu fulani silisemi, na atakayelisema kwenye uzi huu tutagombana.

Kwa hiyo muvi zilikula, tamthilia ikaosha vyombo. Kuna muvi ngapi zilizowahi kumwoshea yeye? Age of Ultron ya 2015, labda: Fury anatokea na meli yake kubwa ya angani kuokoa watu, na tamthilia ndiyo iliyoeleza meli ile ilifichwa wapi. Lakini ukiiangalia muvi peke yake hutajua kama kuna mtu alisaidia.

Hoja yangu ni hii, mnipige mawe taratibu: kanoni, yaani orodha ya hadithi zinazohesabiwa rasmi, ni suala la ofisi kuliko la hadithi. Mpaka 2015, Marvel Studios ya Kevin Feige na Marvel Television ya Jeph Loeb zilikuwa chini ya bosi mmoja, Ike Perlmutter. Mwaka huo Feige akatolewa chini ya Perlmutter, akawa anaripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa studio za Disney. Loeb akabaki kulekule. Mafahali wawili wakapewa mazizi mawili, na tamthilia ikabaki zizi lisilo na majani. Ile muvi ya Inhumans iliyotangazwa 2014 ikaondolewa kwenye ratiba, ikageuka tamthilia ya sehemu 8 mwaka 2017, ikafa. Oktoba 2019 Feige akakabidhiwa ubunifu wote wa Marvel, Desemba Marvel Television ikamezwa. Ndipo watu wakaanza kusema "haihesabiki". Hadithi haikubadilika hata sekunde moja. Kilichobadilika ni jina mlangoni.

Mgeni Njoo, ukifika hapa: anza. Na usiendelee kusoma uzi huu.

#2 Kishoka

Siti ya mbele, karanga mkononi.

#3 Bi Chachu

Fundi umeandika vizuri ila umeruka shimo. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, najua mtu anapogeuza ukurasa haraka.

Msimu wa 6. Infinity War ya 2018 yule adui Thanos kapiga kidole, nusu ya viumbe hai wamepukutika kuwa vumbi. Msimu wa 5 uliishia palepale, wanataja kabisa kwamba New York inashambuliwa. Msimu wa 6 unaanza Mei 2019, ndani ya hadithi umepita mwaka mmoja. Nani kapukutika? Hakuna. Nani ana msiba? Hakuna wa Thanos. Mitaa imejaa watu, magari yanapita. Nusu ya dunia imekufa na nyinyi mna shughuli zenu?

Hiyo siyo ofisi. Hiyo ni hesabu haijafunga.

#4 Fundi Antena

Bi Chachu, shikamoo kwanza. Hapo ofisi ndiyo imehusika hasa. Msimu wa 6 ulirekodiwa kabla ya Endgame, mwendelezo wa Infinity War, kutoka Aprili 2019, na siri ya Endgame ilikuwa chini ya kufuli. Waandishi wangefanyaje? Wapukutishe nusu ya waigizaji wao, kisha wabaki wanasubiri kuambiwa lini watarudi na kwa njia gani? Wakaamua kunyamaza. Majiko mawili yasipoongea, chumvi itawekwa mara mbili au haitawekwa kabisa.

#5 Bi Chachu

Marahaba. Sababu ya hasara haiondoi hasara kwenye kitabu.

#6 Pweza Mkavu

Naomba niingilie kidogo, mimi ni mtoto wa katekista. Neno lenyewe "kanoni" mnalichezea lakini limetoka kanisani: orodha ya vitabu vinavyokubaliwa kuwa Maandiko. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, ya Waprotestanti 66. Tobiti, Yudithi, Wamakabayo na wenzao, hao ndio deuterokanoni. Ukienda kwa shangazi yangu Mlutheri ukamnukuu Tobiti atakusikiliza kwa heshima, atakumiminia chai, na hatakubali.

Mashabiki wa hadithi walilichukua neno hilo kwa utani. Mwaka 1911 Ronald Knox, mtu wa kanisa, aliandika insha akizichambua hadithi za Sherlock Holmes kwa namna ileile wasomi wanavyochambua Biblia: ipi ya kweli, ipi ya kughushi, tarehe zinagongana wapi. Alikuwa anawatania wasomi wenzake. Watu wakauchukua utani wakaufanya kazi.

Kwa hiyo jibu la Mgeni Njoo ni rahisi. Agents of S.H.I.E.L.D. ni deuterokanoni.

#7 Kishoka

Hahahaha Pweza umemaliza. Uzi ufungwe.

#8 Jirani wa Githurai

Usifungwe bado, tuko wengi nje. Mimi nitawaambia kitu. Hizi filamu mimi niliziona kwanza kwa banda la video, na DJ anayetafsiri juu ya sauti yao. Thor alikuwa anaongea vitu Thor hajawahi kusema maishani. Loki alikuwa na deni la mama mboga. Tulizitazama bila mpangilio wowote, ya 2012 kabla ya ile ya 2008, na hakuna mtu aliuliza mwendelezo. Nilipokuja kuona Avengers kwa Kiingereza nikiwa mtu mzima nilihisi kama wamekata sehemu tamu.

Lakini swali langu ni la Daredevil, ile tamthilia ya Netflix. Hiyo nayo ni Tobiti ama ni Mwanzo?

#9 Fundi Antena

Jirani, Daredevil ndiyo ushahidi wangu mkubwa, kaa vizuri.

Ilianza Netflix Aprili 2015. Ikafuatwa na Jessica Jones, Luke Cage, Iron Fist, wakakutanishwa kwenye The Defenders Agosti 2017, na Punisher akapewa yake. Mazungumzo yao ya mwanzo yote yalikuwa juu ya New York iliyobomolewa mwaka 2012 kwenye The Avengers, maana Kingpin, adui wa Daredevil, alipata pesa yake kwenye kujenga upya. Lakini jina la Thor wanalikwepa. Wanasema "lile tukio". Mtu anapita karibu na msiba asiotaka kuutaja.

Netflix ikazikata zote kati ya 2018 na 2019. Zikawa hazipo. Halafu Desemba 2021, ndani ya wiki moja, Charlie Cox wa Daredevil anakaa mezani na Peter Parker kwenye Spider-Man: No Way Home akiwa wakili Matt Murdock, na Vincent D'Onofrio anatokea kwenye tamthilia ya Hawkeye akiwa Kingpin. Sura zilezile. Sasa ni watu walewale, au ni sura zilezile zenye historia nyingine? Hakuna aliyejibu.

Oktoba 2023 kikatoka kitabu rasmi cha mpangilio wa matukio ya muvi na tamthilia za Marvel Studios. Humo Daredevil wa Netflix hayumo. Dibaji ameandika Feige mwenyewe, kwa upole mwingi, kwamba kuna hadithi nyingine zilizo kanoni kwa Marvel lakini zilitengenezwa na watu wengine nyakati nyingine, na kitabu hiki kinahusu mkondo wao tu. Lugha ya baba anayegawa mirathi.

Januari 2024 inatoka tamthilia ya Echo, ambayo Kingpin yumo. Disney+ wanafungua orodha yao ya mpangilio wa matukio, na zile tamthilia za Netflix zimo! Miezi mitatu tu baada ya kitabu! Wino haujakauka. Walioachwa nje ni S.H.I.E.L.D. na wenzake wa ABC.

Mnajua kilichotokea katikati? Daredevil: Born Again ilikuwa inarekodiwa, mgomo wa waandishi ukaisimamisha mwaka 2023, wakubwa wakaangalia vipande vilivyopo wakaona haviendi. Waandishi wakuu wakaondolewa, akaletwa mwingine, na Karen na Foggy, marafiki wa Daredevil kwenye ile ya zamani, wakarudishwa. Ukishawarudisha Karen na Foggy huwezi tena kusema historia yao haipo. Kanoni ikaandikwa upya kwa sababu tamthilia mpya ilikuwa haifanyi kazi bila ya zamani. Ilipotoka Machi 2025, walichomfanyia Foggy sehemu ya kwanza tu kisingeuma hata kidogo kama hujamfuata tangu 2015. Walihitaji machozi yetu ya zamani, wakayalipia kwa kuyapa uhalali.

#10 Bi Chachu

Hapo nakubali kwa asilimia kadhaa. Ila nakupa kazi. Alfre Woodard, Mei 2016, Captain America: Civil War: ni mama aliyefiwa na mwanawe kwenye vita ya Avengers huko Sokovia, anampa Stark picha ya mtoto mkononi. Septemba 2016, Luke Cage: mwanamke yuleyule ni Mariah Dillard, diwani wa Harlem, hatari tupu. Dunia moja, mwaka mmoja. Ni pacha?

Na kabla hujajibu: Spider-Man: Homecoming. Inaanza na watu wanaosafisha New York baada ya vita ya 2012. Kisha maandishi kwenye kioo: miaka 8 baadaye. 2012 kujumlisha 8 ni 2020. Lakini hadithi inatokea miezi michache tu baada ya Civil War, yaani 2016. Nilisimamisha muvi nikatafuta karatasi. Mume wangu akasema "mama, ni mtu anayevaa soksi usoni." Nikamwambia soksi naikubali, miaka minne haikubaliki. Na kosa hilo ni la muvi, siyo la tamthilia. Mbona hakuna anayesema Homecoming haihesabiki?

#11 Fundi Antena

Bi mkubwa umenifungia goli ukaniongezea na pasi. NDIYO HOJA YANGU. Homecoming ina shimo la miaka minne na ni kanoni bila swali. Hesabu kutofunga hakujawahi kumtoa mtu kwenye orodha. Endgame yenyewe: Steve Rogers (Captain America) anarudi nyuma ya wakati kuishi na mpenzi wake Peggy, anatokea mzee kwenye benchi. Waandishi wa muvi wanasema aliishi kwenye mkondo huuhuu wetu. Waongozaji wa muvi hiyohiyo wanasema hapana, aliishi mkondo mwingine akarudi. Walikaa ofisi moja wakatengeneza muvi moja, na wakatoka na majibu mawili.

Alfre Woodard sina jibu. Pacha.

#12 Pweza Mkavu

Na Endgame hiyohiyo ina Jarvis, dereva wa Howard Stark, James D'Arcy yuleyule wa tamthilia ya Agent Carter. Tamthilia ya ABC! Sekunde chache tu, lakini kapita. Sasa huyo kaingiaje kama nyumba yake haihesabiki?

#13 Jirani wa Githurai

Aliingia na mlango wa jikoni.

Watu wangu, mkisumbuka na Marvel, kujeni mtazame X-Men za Fox mpumzike. Magneto, adui wao mkuu, ni mtoto kwenye kambi ya Wanazi mwaka 1944. Dark Phoenix ya 2019 hadithi yake iko 1992, na Magneto ni Michael Fassbender, nywele nyeusi, mgongo umenyooka. Ile X-Men ya kwanza ilitoka 2000 na inajiita wakati ujao ulio karibu, na huko Magneto ni Ian McKellen, mzee wa mvi. Miaka minane hivi! Nani alimfanyia hivyo huyu jamaa, ni KRA wa kodi?

#14 Kishoka

Xavier, mkuu wa X-Men, naye alilipuka vipandevipande The Last Stand ya 2006, Days of Future Past ya 2014 huyo kakaa kwenye kiti chake anatoa ushauri. Stelingi hafi, tuliambiwa tangu utoto.

#15 Bi Chachu

Days of Future Past nilijaribu kuipangia jedwali. Nikaacha. Wao angalau walikiri: wakamrudisha Wolverine 1973 akafuta kila kitu. Ni kama kampuni inayofilisika na kufunguliwa upya kwa jina lilelile.

#16 Jirani wa Githurai

DC, wapinzani wa Marvel, wanafanya hivyo bila hata aibu. Peacemaker msimu wa kwanza, 2022, mwishoni mashujaa wa Justice League wanatokea wamechelewa, Aquaman wa Momoa na Flash wa Ezra Miller wakiwa na maneno. Halafu James Gunn akapewa ofisi nzima ya DC yeye na Peter Safran, akaanza dunia mpya na Superman ya Julai 2025. Peacemaker msimu wa pili ukaja Agosti. Sasa atafanya nini na wale wa zamani? Pale mwanzo ambapo hukumbushwa yaliyopita, wakaweka tukio lilelile, lakini waliosimama pale sasa ni kikundi cha Justice Gang ya muvi mpya! Hawakueleza. Waliotoka wametoka, waliokuja walikuwepo tangu zamani. Mimi nilicheka nikarudisha nyuma mara tatu.

#17 Fundi Antena

Na mimi kwa hilo namvulia kofia Gunn. Amefanya wazi kile ambacho wengine wanakifanya gizani. Ofisi imebadilika, kumbukumbu imebadilika, tuendelee na kazi.

Hii habari ya dunia nyingi sambamba sikuipenda, niseme tu. Tangu tamthilia ya Loki ya 2021, kila swali la mwendelezo linajibiwa "ni mkondo mwingine". Anson Mount aliyeigiza Black Bolt kwenye ile Inhumans iliyokufa, 2022 wamemleta Doctor Strange in the Multiverse of Madness akiwa Black Bolt wa dunia nyingine, wakamuua baada ya dakika chache. Mtu alipewa tamthilia nzima ikafeli, akaitwa tena, tena kwa vazi zuri, ili tu apasuke kichwa. Nilimwonea huruma kama jirani.

#18 Shangazi Sizoni

Nimesoma yote kimya kimya. Hakuna aliyemtaja Ayo, mlinzi wa kike wa Wakanda, nchi ya Black Panther.

Mnatafuta mwendelezo kwenye tarehe, mimi nautafuta kwenye uso wa mtu. Anaigizwa na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, aliyekulia Ujerumani. Civil War ya 2016 ana sekunde chache: anamwambia Black Widow apishe au atapishwa. Hata jina hana. Black Panther 2018 amesimama nyuma ya Okoye. Infinity War yupo. Halafu 2021, The Falcon and the Winter Soldier, tamthilia, ndipo anapewa nafasi: usiku, Wakanda, moto unawaka, anamsomea Bucky yale maneno ya Kirusi yaliyokuwa yanamgeuza muuaji. Anayasoma yote mpaka la mwisho. Bucky analia, maneno hayafanyi kazi tena. Ayo anamwambia yuko huru.

Sehemu ileile, Bucky anataka kuwazuia wanawake wa Wakanda kwenye kazi yao. Ayo anamgusa bega mara mbili tatu na mkono wa chuma unadondoka sakafuni, to! Uso wa Bucky pale. Hakujua kama mkono ule unaweza kutolewa. Waliompa walikuwa wanajua siku zote.

Muvi tatu za kusimama pembeni, zikalipwa kwenye tamthilia. Sikuhitaji orodha ya mtu kuniambia kama inahesabika.

#19 Fundi Antena

Shangazi umenitoa jasho. Na kuna ofisi hapo pia (tamthilia ile ilitoka jiko la Feige mwenyewe, ndiyo maana Ayo aliruhusiwa kuvuka) lakini leo sitabishana na wewe.

#20 Chuma cha Pua

Mbona mnazunguka, si mumwambie tu dogo kwamba Wa

[Ujumbe umehaririwa na msimamizi]

#21 Kishoka

Asante msimamizi. Chuma cha Pua wewe ni mtu hatari.

#22 Bi Chachu

Mtu aombe radhi.

#23 Chuma cha Pua

Samahanini. Nilidhani ni miaka 10 imepita inatosha.

#24 Shangazi Sizoni

Haijatosha.

#25 Mgeni Njoo

Wakuu nimerudi. Fundi aliniambia nisisome, sijasoma, nimeruka moja kwa moja mpaka chini. Nilianza Jumamosi. Sehemu za kwanza nilisinzia, nikasema labda waliosema haihesabiki walikuwa wananionea huruma. Leo nimerudi kazini, nikaweka ya 16, nikasema naangalia moja nilale.

Saa hizi ni saa nane usiku. Nimemaliza ya 17.

WARD?

Ward jamani?? Yule aliyekuwa anakula nao meza moja?

#26 Fundi Antena

Pole. Hukulala, eh.

#27 Mgeni Njoo

Nalalaje? Naweka ya 18.